Kubadilisha spea kwenye pedali ya gita sio uchakachuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule ndugu mpiga gita aliyeandika wiki mbili zilizopita. Barua yake nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikamhurumia. Kwa ambao hawakuisoma, jamaa alimpa fundi hela amtengenezee pedali ya ovadraivu, kile kisanduku cha kukanyaga kinachochafua sauti ya gita, ile ya kijani ambayo kila mpiga gita anaijua, Ibanez Tube Screamer, fundi akachukua ramani yake, yaani mchoro wa sakiti, akaijenga, ila spea kadhaa hakuzipata akaweka zingine, na pedali ilipowashwa sauti ikawa inatoka kwa mbali kama redio ya jirani ukuta wa pili, tena inakwaruza. Basi jamaa akafunga hukumu kwamba mafundi wetu ni wachakachuaji, spea ikishabadilishwa kitu sio kile tena, na anayetaka pedali ya maana aagize nje au akae na gita lake kavu.

Mi ni fundi redio, nipo Temeke. Nilianza na redio na deki, nikaja amplifaya, na miaka kama kumi hivi natengeneza pedali za wapiga gita wa dansi na vijana wa kanisani. Katika zote nilizotengeneza sikumbuki hata moja ambayo haikubadilishwa spea. Hata moja. Ramani nyingi zimechorwa na watu wa Marekani, Japani na Uingereza kwa kufuata kilichokuwepo kwenye maduka yao miaka ile, sasa we uko Kariakoo na hela yako mkononi unaulizia namba ambayo muuza duka hajawahi kuisikia anakuangalia kama umeulizia nyama ya twiga. Utafanyaje? Mama ntilie akikosa ndimu anatia ukwaju, mchuzi unachachuka vilevile, ila ndimu ya kukamulia kwenye chai ya mgonjwa hawezi kuweka ukwaju. Ndo hivohivo na spea, swali sio imebadilishwa au haijabadilishwa, swali ni pale ilipo inafanya kazi gani.

Na kabla sijaenda mbali, hao wenye pedali yao ya kijani wenyewe wamebadilisha. Ukifungua za zamani utakuta IC yake, kile kidude cheusi cha miguu minane kinachokuza sauti, nyingine ni JRC4558D, nyingine RC4558 ya Texas Instruments, kwenye toleo lake la TS9 nyingine utakuta TA75558 ya Toshiba, zote zimetoka kiwandani hivohivo na zote ni orijino. Sasa kama kiwanda kinabadilisha kulingana na kilichopo stoo, fundi wa Temeke kwanini aitwe mchakachuaji?

Tuanze na rezista, spea ya kubana umeme, maana hapo ndo watu wanagombana bure. Ramani ya hiyo ya kijani inataka rezista ya 51k, yaani omu elfu 51, na 51k unaweza zunguka maduka matano wanakuonyesha 47k na 56k tu. Fundi mwoga anarudi nyumbani bila kazi, mi naweka 47k na nalala usingizi. Piga hesabu uone, pale IC inakuza sauti kwa 1 kujumlisha na ile rezista pamoja na volyumu ya draivu ya 500k, zote ugawe kwa 4.7k. Ukiwa na 51k na draivu umeifungua mpaka mwisho inakuza mara 118, ukiwa na 47k inakuza mara 117. Nani ana sikio la kutofautisha 118 na 117, tena ngoma zinapigwa mgongoni kwake? Hiyo volyumu yenyewe ya 500k ukiipima kwa mita unakuta ni 460 au 540 na imetoka kwenye mfuko mpya. Na kama mtu roho inamsumbua kabisa achukue 47k na 3.9k azifunge mfululizo, 50.9k hiyo hapo.

Kapasita, spea inayotunza umeme na kuchuja sauti, ndo pa kutulia kidogo. Pembeni ya ile 4.7k kuna kapasita ya maikro 0.047, mgongoni imeandikwa 473. Hizo mbili kwa pamoja ndo zinaamua besi ikatwe wapi, chini ya hezi 720 IC inakuza kidogo kidogo, na ndo maana pedali ile ina sauti ya katikati inayopenya hata bendi ikiwa na watu kumi. Fundi akikosa 473 akachovya mkono kwenye kopo akatoka na 104, maana 104 ndo zimejaa, ule mpaka wa kukata besi unashuka hadi hezi 340 hivi, besi inaingia kwenye distosheni na nyuzi za chini zinanguruma kama tope. Akiweka 223 unapanda hadi 1,540 na gita linalia kama mbu sikioni. Hamna kilichoungua, taa inawaka, pedali inafanya kazi, ila sio ile aliyoagiza mteja. Na dawa ilikuwa palepale kwenye kopo, angechukua 223 mbili akazifunga sambamba angepata 0.044, hapo hata mwenye pedali hajui. Sasa linganisha na ile kapasita kubwa ya kuchuja umeme pale adapta inapoingia, ramani inasema maikro 100, ukiweka 220 au 47 hamna atakayesikia chochote, cha msingi volti zake zisiwe chini ya 16 na upande wa hasi usiugeuze. Kapasita zote hizo, lakini moja unabembeleza nyingine unaweka tu.

Alafu kuna zile seramiki za kahawia za bei rahisi. Kwenye njia ya umeme hazina neno, ila kwenye njia ya sauti baadhi yake ukizigonga na bisibisi unasikia tok tok kwenye spika, yaani zimegeuka maikrofoni. Pale naweka zile za kijani za plastiki hata kama ni lazima niilaze ubavu ili ienee kwenye bodi.

Sasa IC, na hapa ndo kuna uzushi mwingi kuliko sehemu zote. Vijana wanakuja wameambiwa bila JRC4558D ya zamani pedali ya kijani haiwi kitu. Mi nawacheka maana hizo IC zimejaa kwenye deki za kaseti mbovu na mashine za karaoke zilizolala chini ya meza yangu, nikizing'oa zinatoka mbili tatu kwa deki moja, wakati kuna watu Ulaya wanazitafuta kwa tochi. Lakini sio lazima. TL072 ina miguu minane imepangwa vilevile, nane plas na nne hasi, unachomoa ile unachomeka hii. NE5532 hivohivo, ila inakula betri zaidi. Kwa sababu kwenye pedali ya kijani kinachochafua sauti sio IC, ni zile dayodi mbili ndogo, spea za kupitisha umeme upande mmoja, zilizofungwa kwenye njia ya kurudi, sauti ikizidi kama nusu volti na kitu zinafunguka zinaikata kichwa. IC inasukuma tu. Badilisha dayodi ndo utasikia, ukiweka LED nyekundu ambazo hazifunguki mpaka volti 1.7 hivi, pedali inakuwa na kelele kubwa lakini safi zaidi, ukiweka za jemaniamu, madini yaliyotumika kabla ya silikoni, za kwenye redio za zamani zinazofunguka mapema, inakuwa chafu na ya chini.

Ukija kwenye pedali nyingine, RAT ya kampuni ya ProCo, yule aliyezoea kusema IC ni IC anaumbuka. Ile ilijengwa na LM308, IC ya zamani iliyoacha kutengenezwa, na tabia yake kubwa ni uvivu, volti yake haiwezi kupanda zaidi ya 0.3 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sasa RAT inakuza sauti kwa nguvu mno, ikimwambia huyo mvivu akimbie hawezi, anazikata kona zile sauti kali za juu, na huo uvivu wake ndo utamu wenyewe watu wanaoupenda. Ukija na TL071 ambayo mbio zake ni 13, yaani zaidi ya mara 40, miguu inaingia sawa kabisa na sauti inatoka, ila inatoka kali kama misumari kwenye bati. Cha kuweka pale ni OP07, mvivu mwenzake wa 0.3 hiyohiyo, hata kiwanda chenyewe kiliihamia baadaye, na ile kapasita ndogo ya piko 30 kati ya mguu wa 1 na wa 8 unaitoa maana OP07 haiihitaji. Kwa iyo mtu akiniuliza naweza badilisha IC namuuliza kwanza, ya pedali gani.

Naomba niseme la fazi, pedali ya kuchafua sauti mpaka inakoroma, maana hapo mimi mwenyewe nilishikwa. Kuna kijana mmoja anapiga gita la solo, anapenda mambo ya Jimi Hendrix, yule mpiga gita wa Marekani, akataka Fuzz Face, ile ya duara kama kifuniko cha sufuria iliyoanza kuuzwa London 1966 na kampuni ya Arbiter. Sakiti yake ni ndogo kuliko zote, transista mbili za kukuza sauti, rezista nne, kapasita tatu, volyumu mbili, basi. Nikajisemea kazi ya mchana mmoja. Na mimi nilikuwa na transista za jemaniamu, AC128 zilezile za kwenye ramani, nimezing'oa kwenye redio ya Philips ya marehemu mjomba wangu, yaani sikubadilisha spea hata moja, mhariri, naomba uliweke hilo akilini. Nikaifunga usiku kwenye saa nne, nikarekebisha ile rezista ya 8.2k mpaka transista ya pili ikasoma volti 4.5 kwenye mguu wake wa kolekta kama inavyotakiwa, nikampigia simu aje, akaijaribu, alikuwa anacheka peke yake.

Jumapili yake walikuwa na bonanza, jukwaa nje, saa nane mchana, mwezi wa pili, Dar es Salaam hii tunayoijua. Akanipigia simu katikati ya shoo, "Fundi, pedali imekufa." Nikaenda. Haijafa, ila ukipiga uzi inasema pfrrt alafu inanyamaza, kama mtu ana kwikwi. Nikaifungua palepale nyuma ya spika, chuma chake kilikuwa cha moto huwezi kukishika, mita ikasoma karibu volti 7 pale pa 4.5. Tukaiweka kwenye kivuli juu ya ndoo ya maji ya barafu waliyokuwa wanapozea soda, baada ya robo saa ikaanza kuimba yenyewe. Watu wakadhani uchawi.

Niliporudi kibandani ndo nikazipima vizuri. Nina kijibodi changu, betri ya volti 9, rezista ya 2.4k kwenye kolekta na swichi ya kuunganisha rezista ya 2.2M kwenye mguu wa beisi, nasoma volti juu ya ile 2.4k. Transista ya silikoni beisi yake ikiwa haijashikwa popote inasoma sifuri. Ile AC128 ikasoma 0.35 bila kuguswa. Nikabonyeza swichi ikapanda hadi 1.15. Mita ya kawaida ingeniambia hii ina gein, yaani nguvu ya kukuza, ya 115, kumbe ya kweli ni 80 tu, hiyo 0.35 ni umeme unaovuja wenyewe. Alafu nikaishika transista kwa vidole viwili tu, sijabonyeza kitu, nikawa naangalia mita, 0.35, 0.38, 0.41, 0.45, inapanda kwa joto la vidole vyangu. Jemaniamu iko hivo, kila joto likipanda kama digrii 10 uvujaji unakaribia kujizidisha mara mbili. Imetengenezwa Ulaya kwenye baridi, we unaipeleka kwenye jua la Februari.

Hapo ndo nikabadilisha, na kubadilisha ndo kulikoiponya. Nafasi ya kwanza, ambayo uvujaji wake ndo unasumbua zaidi kwa sababu inaiburuza ya pili, nikaweka 2N3906 ya silikoni ambayo ni PNP kama AC128, nafasi ya pili nikaiacha jemaniamu. Ila haukuwa mchezo wa kuchomoa na kuchomeka, ukishaweka silikoni pale mbele umeme wa transista ya pili unaongezeka, ile 8.2k ikawa kubwa mno, nikashuka na trimpoti, rezista ya kuzungusha, mpaka karibu 5k ndo 4.5 yangu ikarudi. Pedali iko hai mpaka leo na imeshapiga jua la kutosha. Je ina sauti ileile? Sio asilimia mia, usiku wa baridi ile ya kwanza ilikuwa laini zaidi, sitadanganya. Lakini pedali nzuri saa nne usiku na bubu saa nane mchana mpiga gita anaipeleka wapi?

Halafu kitu kimoja nisisahau, fazi hiyo ya PNP chasi yake ni plas, usije ukaichomeka kwenye adapta moja na pedali zingine ambazo chasi yake ni hasi, utapiga shoti adapta yote. Nimeshaletewa adapta tatu namna hiyo.

Kwenye korasi, pedali inayofanya gita moja lisikike kama mawili, na eko mambo yanakuwa magumu kidogo. Korasi ya Boss CE-2 ina IC ya kuchelewesha sauti ya MN3007, ilitengenezwa na Matsushita, walewale Wajapani wa redio na betri za National waliokuwa na kiwanda hapahapa Dar. Imeshaacha kutengenezwa. Madukani utapewa MN3207 na utaambiwa ndugu yake, tena zote zina miguu minane na hatua 1,024. Ndugu wa kufikia huyo. 3007 inataka umeme uingie kwa kugeuzwa, plas inakaa kwenye mguu wa 1, na mwenzake 3207 plas yake iko mguu wa 5 na inatumia volti chache, na hata IC ya kuipigia mapigo inayoiendesha ni nyingine, moja inaenda na MN3101 nyingine MN3102. Ukichomeka kwa kufuata sura unasikia harufu kabla hujasikia sauti. Pale hubadilishi spea, unabadilisha ramani nzima, unatafuta ile iliyochorwa kwa ajili ya 3207 toka mwanzo.

Lakini kwenye eko tuna bahati yetu. PT2399, IC ya Taiwan, iko ndani ya karibu kila amplifaya ya karaoke iliyoingia nchi hii, ndo ile inayofanya mtu akiimba vibaya aimbe vibaya mara tano. Ukiitoa humo na IC ya volti 5 ya 78L05 una eko ya gita, rezista inayotoka mguu wa 6 ndo inaamua kuchelewa, ukiweka karibu 27k unapata kama theluthi moja ya sekunde. Usiishushe chini ya 1k tu, ukiwasha inaganda. Watu wa dansi wanaipenda maana solo la dansi halitaki uchafu mwingi, linataka gita safi na mwangwi kidogo nyuma yake.

Sasa kuhusu uchakachuaji wa kweli, upo, ila haupo alikouona yule ndugu. Uchakachuaji ni IC iliyosuguliwa msasa ikaandikwa namba nyingine. Zipo, na sio Kariakoo tu, hata ukiagiza nje zinakuja hizohizo. Mi nikipewa IC ya zamani inang'aa kama ya leo naipangusa kwa asetoni ya kutolea rangi ya kucha, maandishi yakitoka na chini yake nikaona mikwaruzo hiyo hairudi kwenye kopo langu. Transista za J201 ndo balaa, zile za miguu mitatu ya kawaida viwanda vingi vimeacha kuzitengeneza, iliyozagaa ni ile ndogo ya kubandika, sasa anayekuuzia mfuko wa J201 za miguu kwa bei ya chapati amezitoa wapi? Na uchakachuaji mwingine ni fundi kubadilisha alafu kunyamaza. Kila pedali yangu ukifungua kifuniko utakuta kikaratasi nimekibandika, 51k imekuwa 47k, 4558 imekuwa TL072, tarehe. Siku ikienda kwa fundi mwingine asihangaike. Hata boksi naandika, maana mi situmii yale maboksi ya alumini ya kuagiza, natumia boksi la chuma la swichi za ukutani kutoka duka la vifaa vya umeme, natoboa napaka rangi. La plastiki hapana, linakusanya mngurumo wa umeme wa nyumba nzima.

Nirudi kwa yule ndugu na pedali yake, maana kwa jinsi alivyoeleza nadhani najua ina nini, na najua kwa sababu mimi mwenyewe nilishalifanya kosa hilo kwenye pedali yangu ya kwanza kabisa. Alisema fundi alikosa transista ya 2SC1815 akaweka BC547. Kwa kazi ya pale BC547 inatosha na inabaki, ile transista haikuzi hata sauti, inapokea tu gita na kuliingiza ndani. Tatizo ni miguu. C1815 ukiishika uso wa bapa ukuangalie miguu chini, toka kushoto ni emita, kolekta, beisi. BC547 ni kolekta, beisi, emita. Ukiichomeka kwa kufuata lile bapa lilivyochorwa kwenye bodi, beisi inakwenda kukaa kwenye volti 9 na kila kitu kinavurugika, ila haifi, ndo ubaya wake, inapitisha kasauti kadogo kenye mikwaruzo, kwa mbali, kama redio ya jirani. Mi nilikaa na yangu siku mbili, nimebadilisha IC mara tatu, nimebadilisha dayodi, nimelaumu waya, nimemlaumu mpaka mtoto kwamba ameichezea, usiku wa pili ndo nikaangalia miguu.

Kwa iyo afanye hivi. Aifungue, achomeke adapta, waya mweusi wa mita kwenye chasi, mwekundu kwenye mguu wa transista ya kwanza ulioungwa na rezista ya 10k. Inatakiwa isome kati ya volti 3 na 4. Ikisoma 8 na kitu basi ndo hiyo. Aing'oe, aigeuze bapa liangalie upande wa pili, hapo emita itakuwa imekaa kwake, alafu mguu wa kati na wa kulia avipishanishe, mmoja auvishe kimpira cha waya usigusane na mwenzake. Na ile transista ya mwisho upande wa kutokea afanye vilevile maana lazima nayo imegeuzwa. Kama anaogopa kupishanisha miguu atafute C945, zimejaa kwenye pawa saplai za kompyuta mbovu, nyingi zake zimepangwa sawasawa na C1815 ingawa azipime kwanza, tena mara nyingi pembeni yake humohumo kuna C1815 yenyewe, imeandikwa C1815 tu bila ile 2S mbele, labda ndo maana fundi wake alipita nayo mbele ya macho hakuijua.

Ikiwa sio hiyo ailete Temeke na kikaratasi cha fundi wake kama kipo. Hela ya solda nitamwambia akifika.

Fundi redio,
Temeke, Dar es Salaam